Vyungu vya maua mlangoni pa biashara: namna ya kuvipanga visiwe mzigo

Pita mtaa wowote wa maduka Kampala, Mbarara au Mbale, utaviona: vyungu viwili vidogo kando ya mlango, mmea mmoja umekauka, mwingine umekuwa njano, na juu ya udongo vizibo vya soda na vikaratasi vya risiti. Siku ya ufunguzi vilipendeza. Tatizo ni kwamba vilipangwa kwa namna inayotaka maji kila siku, na mlangoni pa biashara hakuna mtu ambaye kazi yake ni hiyo. Askari anadhani ni kazi ya mfagizi, mfagizi anadhani ni ya askari, na Jumapili wote hawapo.

Mwongozo huu ni wa kutengeneza chungu kinachoweza kukaa siku saba hadi kumi za kiangazi bila kuguswa, na zaidi ya hapo ukichagua mmea mgumu. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla hujanunua mmea: mahali, ukubwa wa chungu, matundu na udongo. Mmea huja mwisho, ingawa wengi wetu huanza nao kwa sababu ndio unaovutia macho kitaluni.

Soma jua na mvua ya mlango wako

Chagua siku isiyo na mawingu. Angalia pale chungu kitakapokaa saa mbili asubuhi, saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi, uandike kama jua linapiga moja kwa moja. Kama linapiga kwa zaidi ya nusu ya mchana, hapo ni pa jua kali. Kama ni theluthi hivi ya mchana, ni nusu kivuli. Chini ya hapo ni kivuli.

Kipimo cha siku moja hakitoshi, maana ikweta inakatiza Uganda na jua halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la adhuhuri huegemea kaskazini. Miezi iliyobaki huegemea kusini. Chukua mlango wa Kampala unaotazama kaskazini, wenye paa la kibaraza lililo mita 3 kutoka chini. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huingia chini ya paa hilo kama mita 1.3. Desemba haliingii hata kidogo. Mlango unaotazama kusini ni kinyume chake. Kwa hiyo mmea uliopandwa Januari penye kivuli kizuri unaweza kuungua majani Juni, na mwenye duka akadhani ni ugonjwa. Kwa milango hii miwili, chagua mimea inayovumilia hali zote mbili.

Mlango wa mashariki ndio rahisi kuliko yote, kwa sababu jua la asubuhi ni laini. Mlango wa magharibi ndio mgumu. Mchana wote ukuta na vigae hukusanya joto, kisha jua la alasiri hupiga majani na ubavu wa chungu kwa pamoja.

Sasa mvua. Weka kopo tupu pale chungu kitakapokaa, usubiri mvua moja kubwa. Kopo likibaki kavu, chungu chako kitaishi jangwani hata Aprili mji mzima ukitota. Hili huwaponza watu wengi: wanaacha kumwagilia msimu wa mvua, na mmea ulio chini ya kibaraza unakufa kwa kiu mvua ikiwa inanyesha hatua mbili kutoka hapo. Kosa la upande wa pili ni kuweka chungu chini ya ukingo wa paa lisilo na mfereji. Maji yanayoanguka hapo huchimba udongo, hufunua mizizi na kurusha matope ukutani. Kisogeze nusu mita ndani au nje ya mstari huo wa matone.

Nafasi ya kupita

Fungua mlango mpaka mwisho, uchore alama pale unapofika, na usiweke chungu ndani ya alama hiyo. Acha njia ya mita 1.2 katikati. Kiti cha magurudumu kinahitaji angalau sentimita 90, na mteja aliyebeba gunia au mtoto mgongoni anahitaji nafasi hiyo hiyo.

Ongea na askari wa mlangoni kabla ya kuamua, naye ana haki ya kusikilizwa. Mmea mnene unaogusa udongo ni mahali pazuri pa kuficha mfuko, na kichaka kirefu mbele ya dirisha humzuia kuona nani anakuja. Karibu na madirisha, chungu na mmea wake visizidi mita moja kwa pamoja. Mimea yenye shina tupu chini na majani juu, au majani yaliyosimama wima, humwachia askari nafasi ya kuona.

Na vyungu vikae ndani ya kiwanja chako. Ukingo wa barabara ni wa halmashauri ya manispaa au jiji lako, au wa mamlaka ya jiji kama uko Kampala. Usiweke kitu hapo bila kibali, la sivyo siku moja utakuta kimepakiwa kwenye lori.

Ukubwa: hapa ndipo kazi ya kumwagilia inapoamuliwa

Chungu chenye upana wa sentimita 25 na kina cha sentimita 25 hubeba kama lita 12 za udongo. Chungu cha 50 kwa 50 hubeba kama lita 98. Upana na kina vimeongezeka mara mbili tu, lakini udongo umekuwa mara nane, na maji yanayohifadhiwa vilevile. Kile kidogo kwenye jua la Februari hukauka kwa siku moja au mbili. Kile kikubwa, chenye udongo mzuri, kina lita 15 hivi ambazo mmea unaweza kunywa kabla ya kuanza kunyauka.

Kwa hiyo fedha ya vyungu sita vidogo itumie kwa viwili vikubwa. Upana na kina visipungue sentimita 45. 50 ni bora zaidi, na kwa mlango mpana wa hoteli au benki, 60. Macho nayo yanakubali: vyungu viwili vikubwa vinavyofanana huupa mlango heshima, ilhali vidogo sita huonekana kama bidhaa zinazouzwa.

Uzito ni faida na ni hatari. Chungu cha zege cha 50 kwa 50 chenye ukuta wa sentimita 4 kina kilo 90 hivi kikiwa kitupu. Udongo uliolowa huongeza zaidi ya kilo 120. Hakuna mwizi atakayeondoka nacho usiku. Lakini nawe hutakisogeza, kwa hiyo kiweke mahali pake kabla ya kukijaza. Kwenye roshani au sakafu ya juu usiweke uzito huo bila kumuuliza mhandisi; hapo tumia fibaglasi.

Kuhusu malighafi, kwa ufupi. Zege ni imara na hutengenezwa karibu kila mji, lakini likiwa jipya hutoa chokaa inayounguza mizizi. Lijaze maji, uyamwage na kuyabadilisha kila siku mbili kwa muda wa wiki mbili kabla ya kupanda. Fibaglasi ni nyepesi na hudumu. Plastiki nyembamba hupasuka kwa jua baada ya mwaka mmoja au miwili, na rangi nyeusi hupika mizizi upande wa magharibi. Udongo wa kuchoma ni mzuri kwa macho, ila unapumua na kukauka haraka, hivyo ubaki kwa mimea inayopenda ukavu. Pipa la chuma lililokatwa nusu hupata joto kali juani. Linafaa kivulini tu.

Matundu na miguu

Toboa matundu matano ya milimita 12 hadi 15 chini ya chungu, moja katikati na manne kuzunguka. Kwa zege tumia drili yenye biti ya zege, uanze na biti nyembamba. Funika matundu kwa kipande cha wavu wa mbu, basi.

Usiweke kokoto chini ya chungu. Najua fundi yeyote atakuambia uweke, na ni ushauri uliorithiwa kwa nia njema, lakini unafanya kinyume cha unachotaka. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe makubwa mpaka udongo ulio juu ya mawe uwe umelowa chepechepe. Kwa hiyo tabaka la tope, ambalo lingekaa chini kabisa, hupandishwa juu kwa kimo kile kile cha kokoto, karibu zaidi na mizizi. Chungu chote kijazwe udongo wa aina moja kutoka chini hadi juu.

Inua chungu kwa sentimita 2 au 3 juu ya vipande vitatu vya tofali au vigae. Maji yatatoka, vigae vya sakafu havitaweka doa, na muhimu zaidi, utaona mchwa wakianza kujenga kijia cha udongo kupanda juu. Chungu kilichokaa chini moja kwa moja huingiliwa na mchwa kupitia matundu, na unajua siku mmea umeanguka.

Usiweke kisahani cha maji chini yake. Mbu huhitaji wiki moja hivi tu kwenye maji yaliyotuama kutoka yai hadi kuruka, na huwezi kuwakaribisha wateja kwa mbu. Kama lazima kiwepo kwa ajili ya sakafu, kijaze mchanga hadi ukingoni.

Udongo

Udongo mwekundu wa bustani peke yake haufai. Shambani minyoo na mizizi huufungua. Ndani ya chungu hushikana kama tofali, ukikauka hujitenga na ukuta, na maji unayomwaga hupita kwenye ule ufa na kutoka chini bila kugusa mizizi. Ukiona maji yanatoka matunduni sekunde chache baada ya kumwagilia, usifurahi. Udongo mweusi wa kinamasi, unaouzwa kama udongo wenye rutuba, una tabia hiyo hiyo, na kuuchimba kunaharibu vinamasi tunavyovihitaji.

Kwa chungu cha 50 kwa 50 changanya ndoo tano za lita 20:

- ndoo 2 za udongo wa juu wa shamba, uliochekechwa
- ndoo 1 ya mboji au samadi iliyoiva, isiyo na harufu
- ndoo 1 ya vipande vya tofali au mchanga mkubwa
- ndoo 1 ya makapi ya mpunga yaliyochomwa

Ni lita 100 kabla ya kuchanganya. Zikichanganyika hupungua hadi 88 hivi, ambazo zinajaza chungu na kuacha sentimita 5 juu kwa ajili ya maji na mawe.

Vipande vya tofali vinastahili maneno zaidi, maana ni kitu bora na hakina gharama. Kila eneo la ujenzi lina matofali mekundu yaliyovunjika. Yaponde kwa nyundo juu ya gunia mpaka vipande viwe kama punje ya hindi, vikubwa kabisa kama harage. Kisha chekecha kwa wavu wa mbu ili unga mwekundu udondoke na kubaki chini. Unga huo ukiingia kwenye mchanganyiko unaziba nafasi zote ulizotaka kufungua. Kipande cha tofali kina vitundu vidogo vinavyonyonya maji na kuyaachia polepole, na pembe zake huzuia udongo kushikana. Ukitumia mchanga badala yake, chagua ule mkubwa wa kumwagia zege. Mchanga laini wa kupigia plasta, na mchanga mwingi wa ziwa, ni mdogo mno na huziba.

Makapi ya mpunga hupatikana kwenye vinu vya mashariki, kuanzia Bugiri hadi Butaleja. Yachome mpaka yawe meusi, kisha uyazime kwa maji kabla hayajawa majivu meupe. Upande wa Masaka utapewa makapi ya kahawa. Ni mazuri yakiwa yameoza kwa miezi mitatu au minne. Yakiwa mabichi, vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mmea nitrojeni, na majani hugeuka njano wiki chache baada ya kupanda.

Kwa mimea ya ukame kama sansevieria na agavi (jamii ya mkonge), badilisha vipimo: ndoo moja na nusu ya udongo, nusu ya mboji, mbili za vipande vya tofali, moja ya makapi.

Pima kwa mkono. Lowesha mchanganyiko kidogo, ukaze ngumi, ufungue. Donge likae, kisha livunjike ukiligusa kwa kidole. Likigoma kuvunjika, ongeza tofali. Likikataa hata kushikana, ongeza mboji.

Mmea upi, wapi

Kanuni yetu ni aina moja ya mmea kwa kila chungu. Mpango wa mimea mitatu tofauti, mmoja mrefu, mwingine wa kujaza, mwingine wa kuning'inia, hupendeza kwenye picha, lakini kila mmoja ana kiu yake. Ukiumwagilia mmoja unauozesha mwingine. Ukitaka mchanganyiko, weka aina moja katika chungu cha kulia na kushoto, na nyingine katika vyungu vya nyuma.

Kanuni ya pili: majani kabla ya maua. Bogonvilia huchanua vizuri ikinyimwa maji kidogo, lakini hudondosha maua kila siku, kwa hiyo umeokoa kazi ya kumwagilia ukaongeza ya kufagia. Miiba yake nayo hunasa gomesi na mashati. Ipande ukutani, mbali na wapitao.

Penye jua kali na palipokauka, sansevieria haina mshindani: ni ile yenye majani marefu yaliyosimama kama panga. Weka mashina matano hadi saba kwenye chungu cha 50. Tahadhari moja: ile uliyoinunua kivulini kitaluni huungua ikipelekwa juani ghafla. Izoeze kwa wiki tatu, kwanza jua la asubuhi tu. Agavi isiyo na miiba inafaa pia, mmoja kwa chungu. Rozmari hustawi penye jua kama maji yanatoka vizuri, na mpishi wa mgahawa atakushukuru.

Nusu kivuli ni ufalme wa drasena, jamii ya ule mmea ambao wakulima wa Maziwa Makuu huupanda kama alama ya mpaka wa shamba. Mmea unaoachwa mpakani kwa miongo bila mtu kuumwagilia unajua kujitunza. Panda mashina matatu ya vimo tofauti. Krotoni huleta rangi hapo, ila inataka maji mara kwa mara zaidi.

Kivulini tumia zamiokulkasi, yenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Asili yake ni pwani ya Afrika Mashariki na kusini zaidi, na chini ya udongo ina viazi vinavyoweka maji. Miwili au mitatu inatosha. Klorofitum, yenye majani membamba ya kijani na mstari mweupe, nayo ni ya kwetu Afrika na inajaza haraka: mitano kwa chungu.

Kwa kimo, mmea uwe sawa na chungu au uzidi kwa nusu. Mfupi zaidi ya hapo huonekana umezama, mrefu zaidi husukumwa na upepo.

Vumbi jekundu nalo lina sauti katika uamuzi huu. Kama biashara iko kando ya barabara ya maramu, epuka majani yenye manyoya na chagua yale laini na mapana yanayosafishwa kwa kitambaa au mvua moja.

Usipande mlangoni oleanda, kwa kuwa kila sehemu yake ni sumu, wala difenbakia, ambayo utomvu wake huvimbisha mdomo wa mtoto anayetafuna jani. Adenium na euphorbia ya miiba zina utomvu mbaya pia. Agavi yenye ncha kali iko kwenye kimo cha jicho la mtoto. Fikasi itapasua chungu. Lantana imeshavamia malisho na misitu vya kutosha. Duranta ni nzuri lakini inataka mkasi kila baada ya wiki tano au sita, na mwongozo huu ni wa watu wasio na muda huo.

Kupanda

Panda mvua zinapoanza: katikati ya Machi au mwanzoni mwa Septemba kwa maeneo ya kati na kusini. Gulu, Lira na jirani zao wana kiangazi kirefu kuanzia Desemba, hivyo wasubiri Aprili.

1. Weka chungu mahali pake juu ya vipande vitatu, ukipime kwa pima maji. Kikiinama, upande mmoja hautapata maji kamwe.
2. Funika matundu kwa wavu, jaza mchanganyiko hadi theluthi mbili, ukigandamiza kwa kiganja tu. Usikanyage.
3. Zamisha mche na mfuko wake ndani ya ndoo ya maji mpaka mapovu yaishe. Udongo wa kitaluni mara nyingi ni mfinyanzi mwekundu; ukipandwa mkavu, maji ya baadaye yatauzunguka bila kuuingia.
4. Chana mfuko na uutoe wote. Mizizi iliyojizungusha ikate mistari mitatu ya wima, kina cha sentimita moja, la sivyo itaendelea kuzunguka humo kwa miaka.
5. Panda kwa kina kile kile mche ulichokuwa nacho. Shina lililozikwa huoza.
6. Mwagilia lita 10 polepole. Maji yakikaa juu zaidi ya dakika tano, mchanganyiko ni mzito. Toa, ongeza vipande vya tofali.
7. Tandaza mawe ya ukubwa wa milimita 20 hadi 30, unene wa sentimita 3. Theluthi moja ya ndoo inatosha.

Hatua ya saba isirukwe. Mawe hupunguza ukaukaji, huzuia magugu, na mchwa hawayali kama wanavyokula maranda ya mbao. Tena, chungu chenye udongo mtupu watu hukifanya pipa la taka. Chenye mawe safi hukiheshimu zaidi.

Chungu chenye akiba ya maji

Kwa chungu kilicho chini ya paa, au kwa areka (jamii ya minazi ya mapambo) na mimea mingine yenye kiu, tengeneza akiba chini. Inafaa kwa plastiki nene au fibaglasi tu, maana zege huvuja, na haifai kwa mimea ya ukame.

Usitoboe chini. Toboa tundu moja la milimita 12 ubavuni, sentimita 12 kutoka sakafu ya chungu; hilo ndilo litakalotoa maji yaliyozidi. Chukua vidumu viwili vya mafuta vya lita 5, uvikate katikati upate nusu nne, zote zipunguzwe ziwe na kimo cha sentimita 12. Kwenye ukingo wa chini wa kila nusu kata mapengo manne ya upana wa kidole, na juu yake toboa tundu dogo la kutolea hewa, la sivyo maji hayatajaa ndani. Zipange chini ya chungu: nusu za chini zikiwa zimepinduliwa, nusu za juu zikiwa na mdomo juu. Mdomo mmoja uingize paipu ya PVC inayotokea sentimita 3 juu ya udongo. Mwingine uzibe kwa kizibo chake. Ndani ya nafasi hizo zitaingia lita 12 hivi za maji.

Katikati ya vidumu shindilia mchanganyiko uliolowa, lakini usio na tofali, kwa sababu chembe ndogo ndizo zinazopandisha maji juu. Hii ndiyo miguu inayokunywa. Funika vidumu kwa kipande cha kiroba, ukiacha wazi juu ya miguu, kisha jaza udongo wa kawaida. Udongo ulio juu ya akiba usizidi sentimita 35, maana zaidi ya hapo maji hayafiki.

Wiki mbili za kwanza mwagilia juu, ili mizizi ishuke. Baadaye jaza kupitia paipu mpaka maji yatoke tunduni, mara moja kila siku nane hadi kumi. Ziba mdomo wa paipu kwa kitambaa cha wavu, mbu wasiingie. Kila miezi mitatu mwaga jerikeni nzima ya lita 20 juu ya udongo ili kusukuma nje chumvi ya mbolea. Ukiona utando mweupe juu ya mawe, umechelewa.

Utunzaji uliobaki

Wiki sita hadi nane za kwanza hakuna njia ya mkato: kila siku tatu au nne, nusu jerikeni. Mizizi ikishashika, acha ratiba utumie kijiti. Chukua kijiti cha mshikaki, ukichomeke sentimita 15, usubiri dakika tano, ukichomoe. Kikiwa cheusi na udongo umeshikilia, usimwagilie. Kikitoka kavu na kisafi, mwaga lita 10. Kiangazi cha Januari, sansevieria iliyo juani hukaa wiki mbili hadi tatu, drasena iliyo nusu kivuli siku saba hadi kumi. Kabale na Fort Portal, kwenye ubaridi zaidi, ongeza siku. Kitundike kijiti hicho kwenye msumari nyuma ya mlango na umkabidhi mtu mmoja kwa jina lake, si "wafanyakazi".

Mbolea ni NPK 17:17:17 (yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa), kijiko kimoja cha chakula kwa chungu, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Inyunyize sentimita 10 mbali na shina kwenye udongo uliolowa, kisha umwagilie. Sansevieria, agavi na zamiokulkasi nusu kijiko, Machi na Septemba tu. Mbolea nyingi huunguza ncha za majani, na huita wadudu kwa machipukizi laini.

Mara moja kwa mwezi futa majani, ukate yaliyokufa, uokote takataka kati ya mawe. Kila mwaka udongo hushuka sentimita chache. Ondoa mawe, ongeza mboji, uyarudishe. Baada ya miaka mitatu au minne toa mmea wote, ugawanye, ubadilishe nusu ya udongo.

Ukiona dalili hizi

Majani ya chini njano na laini, udongo umelowa: maji mengi au matundu yameziba. Ingiza waya kwenye matundu kutoka chini, uache kumwagilia mpaka kijiti kikauke. Sansevieria inayolala na kunuka chini imeoza. Kata majani yaliyo mazima, yaache yakauke kidonda kwa siku nne, uyapande upya.

Ncha kavu za kahawia huku udongo una unyevu: mbolea au chumvi. Osha kwa jerikeni ya maji. Madoa meupe makavu upande mmoja wa majani: jua limehama, angalia tena mlango unatazama wapi na ni mwezi gani.

Pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata, na ukiona sisimizi wakipanda na kushuka shinani, jua wanawachunga. Changanya kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, ujaribu jani moja kwanza, kisha siku ya pili nyunyiza jioni pande zote mbili za majani. Rudia baada ya siku saba, mara tatu. Utando mwembamba na majani yaliyopauka wakati wa kiangazi ni utitiri mwekundu. Wachukia maji, hivyo osha chini ya majani kwa nguvu kila siku mbili kwa wiki moja.

Mimea yenye madoa meupe ya kinyesi, hasa Kampala, tazama juu kabla ya kununua dawa. Kama kaloli, wale korongo wakubwa, wanalala kwenye mti ulio juu ya mlango, sogeza vyungu. Hao hawahami.